Kivumishi "mór" cha Kiayalandi: kwa nini mara "mór", mara "mhór"?

Mwalimu, Tukuyu
Ndugu zangu, habari za leo. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari. Juzi mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniletea ramani ya Ayalandi yenye majina ya wenyeji, akanionyesha Dún Mór na Trá Mhór, akaniuliza kama neno la pili ni lile lile. Ninajua kwamba mór ni "-kubwa", lakini hiyo h imetoka wapi? Nimemwahidi jibu.

Msomaji, Iringa
Shikamoo Mwalimu. Neno ni moja. Nomino za Kiayalandi zina jinsia mbili, na kivumishi hufuata nomino kama kwetu. Dún, yaani ngome, ni ya kiume, kwa hiyo mór hubaki ilivyo; trá, yaani ufukwe, ni ya kike, nayo hulainisha konsonanti ya kivumishi, hivyo m hutamkwa v au w kutegemea eneo, na h ni alama tu ya ulaini huo. Sababu yake ni ya kale, nami huiona nzuri mno: zamani nomino nyingi za kike ziliishia na irabu, m ikabanwa kati ya irabu mbili ikalegea, ilhali nyingi za kiume ziliishia na s iliyoikinga. Miishio ile ilidondoka, ulaini ukabaki. Umbo la kale, maros, limo katika jina Segomaros kwenye maandishi ya Kigauli, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kiayalandi, yaliyopatikana Vaison, Ufaransa. Kiwelshi, ndugu mwingine, husema mawr.

Mwanafunzi wa isimu, Mbeya
Shikamoo Mwalimu. Unaweza kumwonyesha kijana "mti mrefu" na "nyumba ndefu", ambapo r imegeuka d kwa kukutana na n. Ila usimwambie kwamba ni jambo lile lile, kwa sababu n yetu ni kiambishi cha kivumishi chenyewe, nacho bado kipo, ilhali kule chanzo kilikuwa mwishio wa neno jirani, nao umepotea. Tena kivumishi kikiwa katika kiarifu hakilainiki: tá an trá mór, "ufukwe ni mkubwa". Sisi husema "nyumba ni ndefu", upatanisho ukibaki palepale.

Mwalimu, Tukuyu
Marahaba, wanangu. Na wingi je? Najua ataniuliza.

Msomaji, Iringa
Hapo kivumishi huongezwa a, na jina hili la kike halikilainishi tena: tránna móra, "fukwe kubwa".