Hizi mbao nyeusi ni mpingo kweli?

Fundi Mwanjelwa
Wakuu, salaam. Nina karakana ya samani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mteja wangu, mwalimu mstaafu, kaniletea vipande vya sampuli alivyopewa na muuza mbao kule Tunduma. Kaambiwa ni mpingo na katajiwa bei ya mpingo. Anataka meza ya chakula ya watu wanane. Mimi nimezoea paina ya Sao Hill na mninga. Mpingo nimeushika kwenye vinyago tu. Hela ya mzee ni ya kiinua mgongo, sitaki apigwe.

Ninachokiona: upana nchi nane, ubao mmoja usioungwa. Nikipiga randa inatoka kahawia, ikikaa inakolea karibu na weusi. Ina mistari myembamba iliyopauka, imejaa ubao mzima. Kibanzi kikikuingia kidoleni kinauma hadi kesho yake.

Kijana wa Kitanzini
Nyeusi, nzito, ngumu. Mpingo huo mkuu, chonga meza.

Mama Mbao Mafinga
Kijana, polepole. Fundi, kata kipande cha sentimita 30 kwa 20, unene 2.5, ukipime kwenye mizani ya duka. Halafu lainisha kichwa cha ubao, yaani ile ncha iliyokatwa kukingama nyuzi, kwa wembe mkali, utuambie unaona nini.

Fundi Mwanjelwa
Shikamoo mama. Kilo 1.3. Kwenye kichwa naona vitundu kwa macho tu, na vile vimistari vimepangana tabaka kwa tabaka, cheusi, cheupe.

Mama Mbao Mafinga
Marahaba mwanangu. Basi si mpingo. Kipande cha ukubwa huo cha mpingo kingekaribia kilo 1.8, na ukikitumbukiza kwenye ndoo kinazama. Chako kitaelea. Vitundu vya mpingo ni vidogo mno, kichwa chake ukikikata kinang'aa bila mistari. Halafu huo upana! Mpingo unakua taratibu, shina limepinda na mara nyingi lina pango ndani. Ndiyo maana unaishia kwenye vinyago na zumari za Wazungu. Ubao safi wa nchi nane ni nadra sana, mtu akikuletea rundo zima shtuka.

Ulichonacho ni mbao ya mti uitwao wenge, wa Kongo, au ndugu yake mpangapanga wa kusini mwetu na Msumbiji. Hao wawili kuwatenganisha kwa macho ni kazi. Mpangapanga huwa na ukahawia zaidi kidogo. Ubao uliopasuliwa ubapa una michoro kama manyoya ya kware, mizuri ajabu. Mwambieni muuzaji aonyeshe hati ya kusafirishia, jina la mti na ulikotoka vimeandikwa humo. Akisita, mzee asitoe hata shilingi.

Meza itapendeza, mbao hizo ni imara na hazichezi ovyo. Ila zinamaliza makali ya randa haraka, na vitundu uvizibe kwanza kabla ya vanishi. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Na meza isikae dirishani: wenge ikipigwa jua inapauka.

Kijana wa Kitanzini
Nimeelewa mama, asante.

Fundi Mwanjelwa
Kimeelea mama, nimejaribu sasa hivi. Nampigia mzee kabla hajalipa malipo ya awali.