Mrejesho: yule wa lupu ndani ya lupu

Wakuu, mwezi uliopita nililia hapa baada ya kufeli usaili wa kuandika programu, Kijitonyama. Swali lilikuwa kutafuta namba mbili kwenye orodha ambazo jumla yake ni kiasi fulani. Niliweka lupu (msimbo unaorudia hatua) ndani ya lupu, yaani kila namba inajaribiwa na kila nyingine; kwa orodha ya namba 100,000 programu ikagoma.

Mkaniambia niache kukariri, nishike kalamu. Nimefanya hivyo hata kwenye mwendokasi wa Kimara, nikibahatika siti. Hesabu ndiyo iliyonifumbua macho: namba 100,000 zina jozi karibu bilioni 5! Kwa kamusi ya Python (lugha ya programu), yaani sehemu ya kuhifadhi namba ulizoziona na kuziulizia papo hapo, unapita kwenye orodha mara moja tu. Unatafuta 20, umekutana na 7, unauliza: 13 nimeshaiona? Kama bado, unaihifadhi 7 na kusonga.

Hapo nilipoteza siku mbili, kwa sababu nilikuwa nahifadhi kwanza ndipo naulizia. Jumla ikiwa 14, namba 7 moja inajijumlisha na yenyewe. Ujinga wangu.

Juzi nikaitwa kwingine. Safari hii ni kukagua kama mabano yamefungwa sawasawa. Nikatumia staki, rundo la data kama sahani za mama ntilie: iliyowekwa mwisho inatoka kwanza. Bano la kufungua linawekwa juu, la kufunga linalitoa. Dada aliyenisaili akaandika "((" akaniuliza, "Na hii?" Programu yangu ikasema ipo sawa! Nilisahau kuangalia kama mwishoni staki imebaki tupu. Nikaongeza mstari mmoja, akatabasamu.

Raundi ya pili ni Jumatatu. Mkuu uliyesema niwaze kwa sauti, chai yako ipo.