Mjadala: Profesa anayeeleza sayansi redioni kwa Kiswahili, apewe cheo kwa kazi hiyo?

Mwalimu wa fizikia, Katindo

Ndugu zangu wa Goma, asistanti mmoja wa chuo kikuu kanieleza kwamba vipindi vyake vya redio kuhusu volkano na gesi ya ziwa Kivu havihesabiwi anapoomba kupanda cheo. Kinachohesabiwa ni makala ya Kifaransa au Kiingereza. Mkubwa wake kamwambia mwanasayansi wa kweli hana muda wa redio. Nasema ni kosa, na kanuni ibadilishwe.

Tazameni Carl Sagan, mtaalamu wa nyota wa Marekani aliyefariki mwaka 1996. Mwaka 1968 Harvard ilimnyima kazi ya kudumu. Harold Urey, mshindi wa Nobel ya kemia, aliandika barua ya kumpinga. Baadaye akamwomba radhi. Sagan akahamia chuo kikuu cha Cornell, na mwaka 1980 akatangaza Cosmos, sehemu 13 za televisheni. Mwaka 1992 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ikamkatalia uanachama. Miaka miwili baadaye ikamtunuku nishani kwa utumishi wake kwa umma!

Wala hakuwa msemaji mtupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alieleza kwamba sayari ya Zuhura ina joto kali kwa sababu hewa yake inalizuia lisitoke. Vyombo vilipofika vikakuta nyuzi 460 hivi, na hewa ambayo karibu yote ni kaboni dioksidi. Gesi hiyohiyo ndiyo mazuku yetu. Inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inatuama mashimoni kule Mugunga na Bulengo. Haionekani. Mbuzi anaanguka, mtoto aliyeinama anaanguka, na mtu mzima aliyesimama kando yao bado anapumua. Mama anayepita pale alfajiri anahitaji kuambiwa hayo kwa lugha yake.

Mama wa Himbi

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umeruka jambo. Mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, Sagan huyohuyo alionya kwenye televisheni kwamba moshi wa visima vya mafuta vya Kuwait ungeweza kupanda juu sana na kuharibu kilimo huko Asia Kusini. Haukupanda hivyo, na mwenyewe alikiri. Sisi je? Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano yetu ya Nyiragongo kulipuka, tuliamriwa alfajiri tuhame: magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, iko chini ya mji na ziwa. Watu walienda Sake na magodoro kichwani, wengine wakavuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Mlipuko wa pili haukuja. Cheo kikitoka redioni, kila mtu atakimbilia maikrofoni.

Mwalimu wa fizikia, Katindo

Mama, hoja yako ni nzito. Lakini amri ile ilitoka kwa gavana wa kijeshi, na majirani zangu wengi siku hiyo ndipo waliposikia mara ya kwanza kwamba gesi ya Kivu inaweza kufumka ghafla, kama ziwa Nyos la Kamerun lilivyoua watu 1,700 hivi mwaka 1986. Mtu anayeambiwa hayo huku anafunga mizigo atayapima vipi? Angekuwa ameyasikia kila Jumamosi kwa miaka, kutoka kwa sauti anayoijua, angejua la kuuliza.

Kuhusu Kuwait: ndege za utafiti zilienda kupima ule moshi, ndiyo maana kosa likajulikana. Nasi tupime. Rekodi ya kipindi ipelekwe kwa wataalamu wawili, kama makala. Wakikubali ni sahihi, kihesabiwe. Anayetisha raia bila vipimo asipate kitu.

Mwanafunzi wa jiolojia, Birere

Mwalimu, naunga mkono, ila wataalamu wawili hawatoshi. Wao watajua kama gesi imeelezwa sawasawa. Hawatajua kama mama wa Ndosho ameelewa. Aongezwe wa tatu, mkaaji wa kartie, yaani mtaa, ambaye hakusoma sayansi, asikilize kipindi chote, kisha aulizwe swali moja: kesho alfajiri utapita wapi, na kwa nini? Akishindwa kujibu, kipindi kirudiwe.