Nguo za stara kwa safari ya Muscat mwezi Julai: nichukue zipi?

Msafiri wa Tabata

Habari zenu, wanajukwaa. Mwezi Julai mimi na mume wangu tutasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat, nchini Oman, kuhudhuria harusi ya rafiki yetu, kisha tutakwenda Nizwa kuiona ngome yake. Sisi ni Wakristo, na tungependa kuvaa kwa heshima inayostahili. Shida yangu ni joto, kwa sababu huko mchana hufika nyuzi 40 na zaidi, ilhali nguo ndefu nilizonazo ni za vitambaa vizito vya ofisini. Je, ninunue abaya, au madera yangu yanatosha?

Fundi cherehani, Ilala

Dada, anza na kitambaa kabla ya mshono. Muscat iko pwani, na hewa yake ya Julai hujaa unyevu, hivyo jasho halikauki upesi kama linavyokauka Nizwa, ambako ni bara na hewa ni kavu. Poliesta, ambayo ndiyo utakayokutana nayo kwenye abaya nyingi za bei ya chini pale Kariakoo, hainywi jasho, na nguo yake huanza kunuka mapema. Tafuta pamba nyepesi au kitani, ijapokuwa kitani hujikunja ovyo hata ukikipiga pasi vipi. Kabla hujalipa, peleka kitambaa mlangoni penye jua na uweke kiganja nyuma yake. Ukiweza kuvihesabu vidole vyako, basi utahitaji shumizi ya pamba ndani.

Rangi nyeusi isikutishe. Watafiti waliochapisha matokeo yao katika jarida la Nature mwaka 1980 walipima joto la mtu aliyesimama juani jangwani akiwa na joho jeusi la Kibedui, kisha jeupe, wakaona kwamba joto lililofika mwilini lilikuwa sawa, kwa kuwa katika vazi pana joto la ziada hupotea kabla ya kuifikia ngozi. Nguo ya kubana haina faida hiyo.

Bibi wa Magomeni

Mwanangu, mgeni halazimishwi kuvaa abaya Oman, wala kufunika nywele barabarani. Linalotakiwa ni mabega na magoti yasitiriwe. Msikitini ndiko kwenye masharti zaidi. Ule Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hupokea wageni wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke huingia akiwa amefunika nywele, mikono na miguu hadi kifundoni. Kwa hiyo abaya moja nzuri na mtandio wa pamba vinatosha.

Madera yako yabebe, lakini yawe ya nyumbani. Kwa harusi, chukua gauni lako la fahari kabisa na usiogope kung'ara, maana mara nyingi wanawake hukaa ukumbi wao peke yao, na abaya uliyofika nayo huivua ukishaingia. Ongeza sweta jepesi, kwani viyoyozi vya madukani huko havina huruma. Doti ya kanga nayo itakufaa kwa kujifunika garini na kujitanda asubuhi, ila soma jina lake kabla ya kuipakia: Muscat wapo wengi wenye asili ya Unguja wanaokijua Kiswahili vizuri, na kanga ya kumsimanga jirani itasomwa na soko zima la Mutrah.

Msafiri wa Tabata

Shikamoo bibi, na ahsante sana, fundi. Nimebakiwa na swali moja: mume wangu amezoea bukta kila wikendi. Je, aziache?

Bibi wa Magomeni

Marahaba, mwanangu. Achukue moja inayofunika magoti, kwa ajili ya ufukweni, na kwingine kote avae suruali pana za pamba na mashati, ambayo yakiwa ya mikono mirefu yatamkinga pia na jua la Nizwa. Msikitini bukta haipiti, hata iwe ndefu kiasi gani. Kanzu si lazima. Viatu vyake viwe vya kuvulika upesi, maana huvuliwa kabla ya kuingia ukumbi wa sala, na vya kamba vitamchelewesha mlangoni huku watu wakimsubiri nyuma yake.