Mrejesho: asili ya neno "bashasha"

Niliuliza kama "bashasha" na "bashiri" ni ndugu. Ahsanteni sana wote. Nilifuata ushauri wa kutafuta kwa mzizi wa Kiarabu (konsonanti za msingi za neno), si kwa herufi za mwanzo: bashasha hutoka b-sh-sh (bashāsha, uchangamfu wa uso), bashiri hutoka b-sh-r, kupasha habari njema. Si ndugu, ingawa masikio yanadanganya. Irabu ndefu ya Kiarabu imefupika, ila mkazo wetu umeangukia palepale: ba-SHA-sha.

Ushauri mwingine mlionipa, wa kulifanya "bashasha" kivumishi, umegoma. "Mtu mbashasha" halisimami. Ni nomino, kwa hiyo "mwenye bashasha", "alinipokea kwa bashasha". Ukihitaji kivumishi, "mchangamfu" lipo, la Kibantu, kutoka changamka.