Kipato cha korosho: tatizo ni mfumo au ni sisi wenyewe?

Mtwara Kwetu: Ninauliza kwa nia njema. Kaya ya mkulima wa korosho hushika fedha mara moja kwa mwaka, msimu unapofunguliwa kuanzia Oktoba, kisha miezi inayobaki huishi kwa mihogo, daftari la dukani na kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya kutupwa hata kabla hazijaokotwa. Je, mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima kukabidhi korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, ulioanza huku mwaka 2007, umetuliza kipato hicho?

Mhasibu Mstaafu: Mfumo hauna kosa. Msimu wa 2017/2018 bei ilifika karibu shilingi 4,000 kwa kilo, na fedha zile tuliziona zikiishia kwenye pikipiki na ngoma za unyago. Asiyejua kuweka akiba, hata akilipwa kila mwezi, atalala njaa.

Somo wa Newala: Mzee wangu Mhasibu, shikamoo, lakini unyago umeutaja bila kuujua. Ninayemtunza mwari wake leo atamtunza wangu mwakani, na mwaka ule mume wangu alipolala kitandani miezi mitatu, unga uliletwa na wale wale niliocheza nao. Hiyo ndiyo akiba yetu, wala haikati makato ya mwezi.

Mhasibu Mstaafu: Marahaba, mama. Sikutukana mila. Nilisema tu kwamba salfa, dawa ya mikorosho, hainunuliwi kwa vigelegele, na mkorosho usiopuliziwa huliwa na ugonjwa wa ukungu, ubwiriunga, kisha mavuno hupungua na mwakani tunarudi kwenye kangomba ile ile.

Duka la Masasi: Wakati mnagombania ngoma, mmesahau mwaka 2017, Serikali iliponunua korosho zote kwa shilingi 3,300.

Mtwara Kwetu: Ilikuwa Novemba 2018, ndugu yangu, baada ya wakulima kuzikataa bei za mnadani, na jeshi likaletwa kubeba mzigo.

Duka la Masasi: Nimekubali, 2018. Bei ilikuwa nzuri, ila malipo ya wengi yalichelewa, nami nikaendelea kukopesha sukari na mchele kwa kuwa wateja wangu walikuwa na korosho ghalani. Daftari lilipojaa nikashindwa kumlipa wa jumla, vijana wa bodaboda wakakosa abiria, fundi aliyekuwa akinijengea chumba akaondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mkorosho. Mhasibu atuambie sisi tulicheza ngoma gani.

Mhasibu Mstaafu: Ulikopesha bila dhamana, kijana.

Duka la Masasi: Dhamana ilikuwa stakabadhi ya ghala, ile ya mfumo usio na kosa.

Somo wa Newala: Na mimi bado nasubiri, mzee. Mbona umetaja unyago wa mabinti tu, jando la wavulana hukulitaja? Kule nako watu hula na kutunzana, na wenye kuchinja mbuzi ni ninyi akina baba.