Ekari mbili za mahindi Butere: tukodishe kwa miwa miaka mitano au tuache?

Boma_la_Butere

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kabla ya Jumapili, mtu anangoja jibu.

Shamba liko Butere, magharibi mwa Kenya; ni ekari 2.4, linateremka hadi kijito. Ekari mbili ni mahindi na maharage, ukingoni mabingobingo ya ng'ombe mmoja, na 0.4 ndiyo boma. Walaji ni sita. Sehemu ya juu kayongo (gugu la Striga linalonyonya mizizi ya mahindi) imezidi. Sasa mkulima wa miwa anataka kukodi ekari zote mbili kwa miaka mitano, shilingi 15,000 kwa ekari kwa mwaka, alipe yote mkupuo mmoja: 150,000. Mama ndiye hulima, naye hataki. Ndugu zangu wanataka, na wengine wameanza kusema tuuze ploti mbili za barabarani. Hati bado ina jina la marehemu baba. Nianzie wapi?

Gorogoro40

Anzia jikoni. Kadiria gunia moja la kilo 90 kwa kila mlaji kwa mwaka, watoto chini kidogo ya hapo. Nyinyi sita, weka magunia sita. Gunia hutoa gorogoro (kopo la kupimia nafaka sokoni) kama 40, kwa hivyo nyumba inamaliza 240 kwa mwaka, yaani 20 kwa mwezi.

Haya, gawa 150,000 kwa miezi 60. Ni 2,500 kwa mwezi. Gawa tena kwa gorogoro 20, unapata shilingi 125. Siku gorogoro ya mahindi ikipita 125 sokoni, kodi yote imeishia kwenye ugali, na hujagusa maharage wala ada ya shule. Mwezi wa Juni, ghala zikiwa tupu na mahindi mapya bado mabichi, unaijua bei ya Butere kuliko mimi. Na hapo tumejifanya kwamba 150,000 ya mkupuo itakaa miezi 60 bila kuguswa!

Kuna na vile ndugu zako hawavihesabu kwa sababu havipiti sokoni: kunde na mrenda anaochuma mama kati ya mistari, mabua ya ng'ombe, magunzi ya kuwashia moto. Ng'ombe wa maziwa hula kilo 60 hadi 70 za mabingobingo mabichi kwa siku. Miwa ikishukia hadi ukingoni, hiyo nyasi mtaibeba kutoka kwa nani? Vilele vya miwa mtavipata siku za kukata tu.

Kisiki_Kikavu

Hesabu ya hapo juu ni sawa, ila wengi huumizwa na miezi kuliko bei.

Miwa ya kwanza huchukua kama miezi 18. Ratuni (miwa inayochipua tena kwenye mashina yaliyokatwa) ya kwanza 16, ya pili 16. Jumla 50, kwa hivyo mtu akikuandikia miaka mitano unaona kuna nafasi. Lakini miwa haikatwi siku inapokomaa. Hukatwa siku wakataji na trekta wanapofika. Kila zao likisubiri miezi minne, 50 imekuwa 62. Mkataba umeisha, miwa yake imesimama shambani kwenu, na hakuna mwenye moyo wa kuifyeka. Akishakata, mashina yanachipua tena na anaomba "hii moja tu". Hapo mko mwaka wa saba.

Mkiamua kukodisha, iwe ekari moja au chini yake, na karatasi iseme haya:

Mkataba unaisha kwa mavuno matatu au kwa tarehe iliyotajwa, lolote litakalotangulia. Miwa ikibaki baada ya tarehe, kila mwezi unalipiwa kodi maradufu, na ratuni yoyote itakayochipua ni ya mwenye shamba. Kodi ilipwe kila Januari, mapema. Anayesema atalipa akishalipwa na kiwanda, mwacheni aende. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliwekwa chini ya mrasimu (msimamizi anayeletwa na wadai deni likishindikana) Septemba 2019, na waliokuwa na miwa shambani walitafuta soko kwingine.

Mwaka wa kwanza dai haki ya maharage katikati ya miwa. Mistari ikiwa mita 1.2 hadi 1.5, safu moja au mbili za maharage hukomaa kabla majani hayajafunga. Acha mita tatu kati ya miwa na mahindi, maana mistari ya pembeni hukosa jua. Na njia ya trekta itajwe ni ipi. Magurudumu yakipita kwenye udongo uliolowa, pale jembe litaruka miaka.

Mpima_Mipaka

Mnapanga kukodisha mali ambayo kisheria hakuna hata mmoja wenu mwenye mamlaka nayo. Hati ikiwa na jina la marehemu, anayekodisha au kuuza kabla ya mirathi anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160.

Mnachohitaji: cheti cha kifo, sachi rasmi ya ardhi (karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha mmiliki), na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, mabinti walioolewa wakiwemo (huku ndiko kesi nyingi hukwama). Ombi linapelekwa mahakamani, linatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30, kisha barua ya usimamizi hutolewa. Kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita.

Tena ndugu zako wasome hili polepole: baba akifa bila wosia akaacha mke na watoto, mjane ana haki ya kulitumia shamba maisha yake yote. Kura yenu haimwondoi. Kuhusu ploti, hata mama mwenyewe hawezi kuuza ardhi hiyo bila mahakama kuruhusu kwanza.

Mirathi ikiisha, kukodisha shamba la kilimo kunahitaji kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali mkataba ni batili, na mkodi anaweza kuwadai pesa zake kama deni, hata kama zilishakuwa mabati. Ukodishaji wa zaidi ya miaka miwili husajiliwa pia.

Mitoo_na_Mrenda

Mbona hakuna aliyegusa kayongo? Hiyo ndiyo imewachosha mpaka mkataka kukodisha. Na miwa haitaiondoa: kayongo hushambulia miwa pia, na mbegu yake hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi. Mtarudishiwa shamba na kayongo yake.

Boma_la_Butere

Asanteni sana. Nimewasomea nyumbani, ile ya 125 imenyamazisha watu. Tunaanza na barua ya chifu, mkodi tumemwambia hapana kwa sasa. @Mitoo, nusu ekari ya juu tuifanyeje mvua ya Machi ikianza?

Mitoo_na_Mrenda

Desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde unaozuia kayongo) katikati ya mahindi, mabingobingo kuzunguka, mtindo wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Nusu ekari ni kama mita 45 kwa 45, inafaa. Upande usizidi 50. Mahindi sentimita 75 mstari kwa mstari. Katikati ya kila mistari miwili chora mfereji wa kina cha sentimita moja au mbili, mwaga desmodiamu iliyochanganywa na mchanga laini, nusu kilo kwa eneo lote, ufunike kidogo tu. Ikizama zaidi haioti. Maharage yawekwe shimo moja na mahindi. Kuzunguka, mistari mitatu ya mabingobingo, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashina.

Inapoharibikia ni palizi ya kwanza, wiki ya tatu. Desmodiamu changa ina majani madogo matatu matatu na inafanana na magugu, kibarua ataipitisha jembe yote kabla ya saa nne. Mama aanze kwa kupalilia mstari mmoja mbele yao, kwa mkono, waione.

Msimu wa kwanza kayongo bado mtaiona. Ing'oeni kabla haijatoa maua.